Ombi la Kutoboa Ukuta wa Bohari ili Tela Letu Lipite

Mwisho wa mtaa,
Upande wa nje wa ukuta wako,
Alhamisi, siku ya tisa.

Kwa Mkuu wa Idara ya Alama za Barabarani.

KUH: KUTOBOLEWA KWA UKUTA WA BOHARI YAKO, UPANA WA META MBILI NA NUSU

Mheshimiwa Mkuu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, hatua kumi na moja kutoka ukuta wa bohari yako. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametufundisha kwamba barua ya malalamiko ianze kwa kumsifu anayelalamikiwa, ili asiache kusoma. Kwa hiyo naanza na kibao chako. Ni kizuri. Rangi yake haijapauka, herufi zimenyooka, na maneno yake, HAKUNA NJIA MBELE, ni ya kweli. Tunakisoma kila asubuhi tukipiga mswaki.

Sisi ni watu wanne. Baba ni karani wa maktaba. Mama hupiga pasi katika hoteli. Mdogo wangu wa kike ana miaka sita, na mimi niko darasa la saba. Jumatano ya wiki iliyopita tulikuwa tunahamia nyumba mpya, iliyo upande wa pili wa mji. Mjomba, kaka yake Mama, alituazima pikapu yake na tela lake. Baba alitafuta njia ya mkato, akaingia katika mtaa huu mwembamba akidhani unatokea barabara kuu, akaenda meta mia mbili na hamsini, akakikuta kibao chako. Mpaka leo yuko mbele yake.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Kibao kimewekwa mahali kisipoweza kumsaidia mtu.

Kibao kinachosema hakuna njia kimepigiliwa kwenye ukuta ambao ndio umeziba njia. Mtu akishauona ukuta, habari anayo. Nilimuuliza mlinzi wa bohari yako, ambaye hupanda ngazi akazungumza nasi kutoka juu, kwa nini kibao hakikuwekwa kule mwanzo wa mtaa. Akanijibu, "Mwanangu, kule hakuna ukuta wa kukipigilia." Nikamwambia kwa adabu kwamba kuna kitu kinaitwa nguzo. Akasema nguzo zimeagizwa tangu yeye akiwa na nywele nyeusi, na mkubwa mmoja alipokuja kukagua akaona haifai kibao kizima kikae ndani bila kazi, akaamuru kipigiliwe palipo karibu.

Nimechungulia katika tundu la ukuta. Ndani kuna vibao vingine ishirini na sita vya aina hiyohiyo, vimeegemezwa vikitazama ukuta. Vinawaonya panya.

2. Kijitabu chako kimetuponza.

Baba anaamini kilichochapishwa. Kabla ya kuhama alikwenda ofisini kwenu akaomba kijitabu cha uvutaji salama wa tela, chenye kurasa kumi na sita, akakisoma mara tatu na kukijalidi kwa karatasi ya kaki. Ukurasa wa pili unasema dereva ahakikishe kwamba gari na tela vimeungana kiasi cha kutoweza kuachana kwa namna yoyote. Mjomba huunganisha tela lake kwa pini moja ya chuma, ambayo mtu huichomoa kwa mkono. Baba aliitazama pini ile, akayasoma tena maneno "kwa namna yoyote", akapeleka gari kwa fundi wa kuchomelea.

Fundi alimuuliza mara mbili. Alisema, "Mzee, nikishapiga moto hapa, hiki ni kitu kimoja. Umenielewa?" Baba akamwonyesha ukurasa wa pili. Sasa ni kitu kimoja. Kwa hiyo tafadhali usiniandikie kuniuliza kwa nini hatulichomoi tela tukaligeuza kwa mikono. Kila anayepita hapa huuliza hivyo, na Baba humwonyesha ukurasa wa pili.

Mjomba hajaambiwa habari za kuchomelea. Akipiga simu kuulizia gari lake, Baba humjibu kwamba limefungwa vizuri.

3. Kurudi nyuma hakuwezekani.

Hili nalisema baada ya uchunguzi. Siku ile ya kwanza Baba alijaribu mara tatu. Alipokata usukani kulia, tela lilikwenda kushoto, na alipokata kushoto lilikwenda kulia, jambo ambalo Baba alisema ni kasoro ya kiwandani. Mara ya kwanza tela lilisukuma geti la jirani mshonaji. Mara ya pili gurudumu lake moja liliingia mtaroni, tukalitoa kwa jeki na msaada wa wapita njia. Mara ya tatu gari na tela vilikunjana hata Baba akaweza kusoma namba ya nyuma ya tela akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Muda wote huo Mama alikuwa amesimama nyuma akisema, "Kata kushoto kwanza, kidogo. Haya, sasa lifuate, lifuate." Baba akamwambia, "Mama watoto, tafadhali usinichanganye." Mjomba alipopiga simu akaelezwa kwamba tumekwama kidogo, alicheka mpaka simu ikakoroma, akasema, "Shemeji, si umpe dada yangu usukani." Baba akamjibu kwamba huu si wakati wa mizaha. Mama alikwenda kuanika nguo.

Ndipo Baba akafungua ukurasa wa tisa, akasoma kwa sauti: "Anayevuta tela aepuke kurudi nyuma kadiri inavyowezekana." Akazima injini. Alisema kwetu sisi inawezekana kabisa, maana viti tunavyo.

Kila siku, Mheshimiwa, Baba huamka, hukaa kwenye usukani, huwasha gari, hurekebisha vioo vyote viwili kama mlivyoagiza, hutazama nyuma kwa muda, kisha huzima. Upande wa mwendo hatuna doa. Sheria inalitaka gari lenye tela lisizidi kilomita hamsini kwa saa, na kwa siku tisa hatujazizidi.

4. Mzigo umepangwa kwa kufuata maagizo, na sasa hatuufikii.

Ukurasa wa tano unataka kilicho kizito zaidi kikae katikati, juu ya magurudumu. Kilicho kizito zaidi nyumbani kwetu ni kabati la nguo. Baba alitaka liwe zito barabara, akaamuru sufuria, pasi na vitabu vyangu viwekwe ndani yake. Juu ya kabati kuna vitanda, juu ya vitanda kuna meza, na vyote vimefungwa kwa vifundo vya ukurasa wa sita. Kijitabu kinaeleza kwa michoro saba namna ya kuvifunga vifundo hivyo. Namna ya kuvifungua hakielezi. Tumelala siku nane kwenye baraza la mshonaji, ambaye geti lake tulilisukuma, naye ndiye anayetupa sufuria. Kila akituletea uji husema, "Kuleni, msijali, mtaa wenyewe hauna pa kwenda." Sina hakika kama ni neno la faraja.

Tena, ukurasa wa saba unasema mzigo ukitokeza nyuma, ufungwe kitambaa chekundu. Miguu ya meza ilitokeza. Kitu chekundu pekee tulichokuwa nacho ni sweta langu la shule. Nimesimamishwa mstarini siku sita kwa kukosa sweta. Mwalimu wa zamu aliponiuliza liko wapi, nilimjibu ukweli, kwamba linawaonya madereva, akaniongezea siku ya saba.

5. Tunafanya kazi yako, na hakuna aliyetushukuru.

Kijitabu kinataka gari lililosimama barabarani liwekewe nyuma yake ile pembetatu ya kuonya. Baba, kwa kutaka uhakika, ameiweka mbali kuliko mlivyoagiza, kule kabisa mtaa unapoanzia. Tangu siku hiyo nimehesabu magari kumi na manne yaliyofika pale, yakaiona pembetatu, yakatazama ndani ya mtaa, yakatuona sisi na kabati letu, yakaondoka salama. Hakuna kibao chako kilichowahi kuonya magari kumi na manne kwa wiki moja. Kile cha ukutani kimeonya gari moja, na ni letu.

Watu wa mtaa huu wameshatuzoea. Mgeni akiuliza njia huambiwa, "Nenda mpaka ukute familia, hapo ndipo barabara inapoishia." Juzi kamati ya mtaa ilikuja, mwenyekiti mbele, ikamshukuru Baba kwa kuwa sasa watoto wanacheza barabarani bila hofu, ikamwomba asiwe na haraka. Mheshimiwa, sisi si alama ya barabarani. Sisi ni watu, na mdogo wangu ameanza kuniuliza kama tukiwa wakubwa tutapakwa rangi.

6. Mama.

Namba hii naomba isisomwe kwa sauti ofisini kwako.

Mama amechoka. Hagombi. Angekuwa anagomba ningejua la kufanya. Kila siku akitoka kazini hupita ubavuni mwa tela, hugusa kabati kwa kiganja kama anayempima mtoto homa, kisha humtazama Baba aliye kwenye usukani, akangoja. Sijui anangoja nini. Baba humwambia, "Kesho nitalitoa." Mama husema, "Sawa, Baba watoto," kwa sauti ambayo hapo zamani aliitumia kwa watu wa nje tu.

Jana tulipokuwa tunaosha vyombo aliniambia kwamba Jumamosi atatuchukua mimi na mdogo wangu kwa miguu mpaka nyumba mpya, na Baba atakuja siku atakayokuja. Nilimuuliza kama Baba anajua. Akasema atamwambia Ijumaa jioni, asipate muda wa kutafuta kijitabu kinachohusu jambo hilo. Nyumba ile mpya ina vyumba vitatu na dirisha la jikoni linalotazama barabara. Sitaki kukaa kwenye dirisha lile nikitazama kama Baba anakuja. Leo ni Alhamisi. Hiyo ndiyo sababu ya haraka yangu, na naomba radhi kama mwandiko umeharibika hapa.

Kutokana na hayo yote, Mheshimiwa, hoja yangu ni hii. Gari letu linaweza kwenda mbele bila shida yoyote. Kasoro iko kwenye mbele yenyewe, maana haipo. Na iliyoizuia mbele ni Idara yako, kwa ukuta wako. Kwa hiyo naomba moja kati ya mambo matatu:

(a) Utoboe ukuta. Nimepima tela kwa futi ya mshonaji na kuongeza nafasi ya vioo: meta mbili na nusu zinatosha, na kwa kimo naomba ufuate miguu ya meza. Nyuma ya ukuta ni ua wako, hatua arobaini, na ng'ambo ya ua ni geti lako kubwa linalotokea barabara kuu. Gari likiingia kwa tundu na kutokea getini halitageuka hata kidogo. Vibao vilivyo njiani tutavisogeza wenyewe, na tutavirudisha vikiwa vimepanguswa vumbi. Nimezungumza na mlinzi. Alisema, "Mimi geti nina mamlaka nalo. Ukuta ni wa wakubwa." Kwa hiyo nusu ya kibali tayari tunayo.

(b) Kama ukuta haugusiki, basi tunaomba mahali hapa patambuliwe kuwa nyumba yetu. Utupe namba ya nyumba, na barabara ianze rasmi nyuma ya tela. Hapo Mama hatakuwa na pa kuhamia, kwa kuwa tutakuwa tumeshafika.

(c) Kama nalo ni gumu, naomba Idara itangaze kwamba nyuma ni mbele. Usidhani natania. Mwaka jana barabara ya sokoni ilikuwa inaelekea benki. Asubuhi moja mkaweka kibao kimoja chenye mshale, ikaanza kuelekea kituo cha mabasi, na watu wote wakatii, hata waliokuwa wanakwenda benki. Kwa hiyo uwezo huo mnao. Mkiweka mshale hapa, Baba atakuwa anakwenda mbele kisheria, ukurasa wa tisa hautamhusu tena, na naamini mkono wake utatulia. Baba ni dereva mzuri sana wa kwenda mbele.

Najua una kazi nyingi na vibao vingi. Lakini kama utaweza kutuma mtu mwenye nyundo kabla ya Jumamosi saa nne asubuhi, nitakuwa nimekaa hapa hapa kwenye ndoo, nami nitamkaribisha.

Wasalimie wote wa ofisini, hasa aliyeandika kijitabu, Baba anamheshimu sana. Msalimie mke wako, au mume wako, kwa kuwa mlinzi hakuwa na hakika wewe ni nani. Mshonaji anakusalimu na anauliza ni nani atamnyooshea geti. Mdogo wangu anakusalimu na anasema kibao chako akikiona kwa mbali huwa kama uso wa mtu anayekataa.

Ni mimi kwa heshima na matumaini,
Mwanafunzi wa darasa la saba,
Mtoto wa mwenye tela.

NYONGEZA. Mheshimiwa, yote niliyoandika hapo juu naomba uyaache.

Shuleni tumefundishwa kwamba barua rasmi isifungwe kabla mzazi hajaipitia. Nikampa Baba. Lile la namba sita nilikuwa nimelisahau kabisa, kwa kuwa nilikuwa nafikiria alama za uandishi. Alisoma kalamu ikiwa mkononi, akarekebisha mkato mmoja katika namba tatu, akafika namba sita, kalamu ikasimama. Kisha akaenda alipokuwa Mama, ambaye alikuwa anamenya viazi barazani, akasimama mbele yake kama mtu aliyefika kuomba kazi.

Akasema, "Mama watoto, hivi wewe unaweza kulitoa hili dude?"

Mama akasema, "Naweza."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujanijua. Kule kwenye shamba la miwa ulidhani nilikuwa nafanya nini?"

"Nilidhani unakata miwa."

"Misimu mitatu nimeendesha trekta, Baba watoto, na nyuma matela mawili. Mawili, moja nyuma ya jingine."

Baba akauliza mbona hakusema. Mama akasema alisema, tangu siku ya kwanza, akaambiwa asichanganye watu. Baba akatoa ufunguo mfukoni, akampa.

Mama alipangusa mikono, akavua viatu, akaomba mto wa kukalia. Tela lilirudi nyuma meta mia mbili na hamsini likiwa limenyooka, na alisimama mara moja tu, kumuaga mshonaji. Mlinzi wako alikuwa juu ya ngazi, akapiga makofi mpaka kofia ikamwanguka upande wetu. Kamati ya mtaa ilisikitika. Baba alitangulia kwa miguu kuokota pembetatu, na alipoiokota tu, lori refu lenye tela likaja, limejaa nguzo, dereva akauliza kama njia hii inapita. Kabla Mama hajafungua mdomo, Baba akamwambia kwamba kuna kibao, kitamwelekeza. Kama ni lori lako, Mama anasema umtume mtu amwambie dereva akate kushoto kwanza, kidogo.

Kwa hiyo usitume mwenye nyundo. Ukuta na ubaki, na nyuma iendelee kuwa nyuma. Namalizia nyongeza hii kwenye dirisha la jikoni la nyumba mpya. Geti la hapa ni jembamba na lazima uingie kinyumenyume. Mama alifika getini, akashuka, akamrudishia Baba ufunguo, akasema, "Ingiza wewe. Nitakuongoza." Hiyo ilikuwa saa tisa, na sasa ni saa kumi na moja kasoro. Mama amesimama nyuma anapunga mkono, anasema kata kushoto, na Baba anakata kushoto. Bado hawajaingia.